Mpeni Mungu Saa Yake

Wanangu, kila ninapokaa nanyi, iwe baada ya ibada au msibani, maneno ni yale yale: "Bibi, kusali tunataka, muda ndio hakuna." Sitawabishia. Naona mnavyoishi. Aliyepanga Chanika na kazi yake iko Posta huamka saa kumi alfajiri, na usafiri akiupata atasimama njia nzima. Jioni anarudi taa zimeshawaka, nguo zinamsubiri kufuliwa, mama yake kijijini anasubiri kupigiwa simu, na kesho mwajiri hataki kusikia habari za foleni. Mwenye duka hafungi mpaka saa nne usiku. Mwanafunzi wa chuo ana mtihani, na kibarua juu yake. Anayewaita wavivu wa kiroho hajawahi kugombania daladala ya saa kumi na moja alfajiri pale Gongo la Mboto.

Ila nina neno moja la kuwaambia, na mzee akikaa nalo moyoni mpaka akafa nalo amewanyima watoto haki yao. Muda mnaousubiri hauji. Haukuja kwetu, hautakuja kwenu. Mnasema, nikimaliza chuo. Mkimaliza mnasema, nikipata kazi. Halafu harusi ipite, halafu mtoto aache kunyonya, halafu nyumba ifike kwenye lenta. Nimesimama kwenye makaburi ya watu waliokuwa bado wanasubiri nyumba ifike kwenye lenta. Mungu hapewi muda uliobaki, kwa sababu hakuna muda unaobaki. Hupewa saa yake, hata kama ni dakika kumi na tano tu, iliyotengwa kabla watu hawajaanza kuigawana siku yako.

Utumishi wangu wote ulikuwa wa uuguzi, sehemu kubwa katika hospitali za kanisa, kwa hiyo mtanivumilia nikisoma Biblia kwa macho ya wodini. Someni Marko sura ya 1. Sabato ile ya Kapernaumu Yesu alikuwa na siku nzito. Alifundisha katika sinagogi, akamtoa mtu pepo, akamponya homa mkwewe Simoni. Jua lilipozama, Sabato ikiwa imekwisha na watu wakiwa na ruhusa ya kubeba wagonjwa wao, mji mzima ulijaa mlangoni. Mji mzima! Mimi naujua mlango wa namna hiyo. Kuna anayelia, kuna aliyelazwa chini juu ya kanga, kuna ndugu anayekushika mkono wa gauni akiapa kwamba mgonjwa wake ndiye mwenye hali mbaya kuliko wote. Aliponya wengi usiku ule, na bila shaka alilala amechoka.

Angalieni sasa alichofanya baada ya hapo. Kabla hakujapambazuka alitoka peke yake, akaenda pahali patulivu, akasali. Simoni na wenzake walipoamka na kumkosa, walimfuata na kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Foleni ilikuwa imeshajipanga upya. Kwa hesabu zetu za hospitali, mganga alipaswa kuwa mlangoni saa ile. Jibu lake linanishangaza kila ninapolisoma, kwa kuwa hakurudi kwenye foleni. Aliwaambia waende vijiji vya jirani akahubiri na huko, maana hiyo ndiyo kazi aliyokuja kuifanya. Usiku kazi yake ilikuwa kuponya. Asubuhi, akitoka kusali, alijua kazi ya siku ile ni ipi, na alijua pia ya kuikataa, ingawa ilikuwa kazi njema na watu walikuwa wakiitaka kwa moyo wote.

Hapo ndipo ninapotaka mtue. Wengi wenu mnadhani kusali ni kazi moja zaidi inayopachikwa juu ya kazi nyingine, ndiyo maana inawaelemea kabla hamjaianza. Sivyo. Kusali ndiko kunakokuonyesha ipi ni kazi yako na ipi umejitwika kwa sababu ulishindwa kusema hapana. Asiyekaa na Mungu hana pa kuamulia jambo hilo. Anaamuliwa na simu iliyotangulia kuita, na mtu mwenye sauti kubwa kikaoni.

Sasa niseme jambo litakalowagusa baadhi yenu, hasa wapendwa wangu wa kwaya. Saa ya Mungu hailiwi na dunia peke yake. Katika makanisa yetu huliwa pia na kanisa.

Namfahamu binti mmoja, mfanyakazi wa benki, mwenye sauti ya kwanza nzuri sana. Jumanne na Alhamisi ana mazoezi ya kwaya. Jumatano ana ibada ya katikati ya wiki. Ijumaa kuna mkesha. Jumamosi asubuhi anakaa kwenye kamati ya ujenzi, ambako yeye ndiye mtunza hazina, na jioni ni mazoezi tena kwa kuwa kwaya inakwenda kurekodi. Jumapili anafika kanisani saa kumi na mbili na nusu asubuhi kufunga vyombo vya muziki, anaimba ibada zote mbili, anabaki kuhesabu sadaka, kisha kikao. Nilimuuliza ni lini alisoma Biblia kwa ajili ya nafsi yake, si kutafuta mstari wa kuchapa kwenye fulana za kwaya. Alinyamaza. Machozi yakamlengalenga. Ilikuwa imepita miezi hajasali peke yake, na miezi hiyo hiyo watu walikuwa wakimtaja kuwa mfano wa kijana aliyesimama na Bwana.

Wanangu, kazi ya Mungu si Mungu mwenyewe. Martha, yule wa Luka sura ya 10, hakuwa anahangaika na anasa. Alikuwa anampikia Yesu, tena nyumbani kwake. Chakula kilihitajika na wageni walistahili kula. Lakini tazameni hali aliyofikia: amemkasirikia ndugu yake Mariamu aliyeketi miguuni pa Bwana, na sasa anamwagiza Bwana amkemee kwa niaba yake. Dalili hii naijua, ipo makanisani mwetu kote. Ukiona umeanza kuhesabu nani hakuja kufagia, nani hajatoa mchango, nani anakaa tu wakati wewe unatoka jasho, usiangalie hao wengine. Jiulize ni lini umeketi miguuni pa Bwana bila kushika kitu mkononi.

Tena mna Yethro, mkwewe Musa, katika Kutoka sura ya 18. Alimkuta mkwewe anaamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia bila kumficha kwamba anachofanya si kizuri, kitamchosha yeye na kuwachosha watu wake. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Sehemu hiyo tunaisikia sana kwenye semina za uongozi. Isiyotajwa ni ile inayoitangulia, kwamba Musa awe mbele za Mungu kwa ajili ya watu. Kazi ziligawanywa ili kiongozi apate kusimama mbele za Mungu. Kiongozi aliyegawa kazi na bado hasali hajamsikia Yethro.

Binti yule nilimwambia aache mambo mawili, achague mwenyewe. Aliacha hazina na mazoezi ya Jumamosi jioni. Ujenzi haukusimama. Alipatikana kijana mwingine mwenye stashahada ya uhasibu ambaye hakuna aliyekuwa amewahi kumpa kazi yoyote kanisani. Na hili nawaambia wachungaji na wazee wenzangu: tuna desturi mbaya ya kumtwisha kila kitu kijana yuleyule mwenye moyo mpaka moyo wenyewe unakauka, halafu akitoweka tunamwita aliyerudi nyuma. Tuwaulize vijana wetu habari za maombi yao kabla hatujawauliza habari za mahudhurio.

Na vikao vya harusi. Kuchangiana ni utu, nami nimechangiwa na kuchangia. Lakini mtu aliye kwenye kamati tatu kwa wakati mmoja, na sendofu na kicheni pati vikifuatana, amekwisha kuuza Jumapili zake zote za miezi mitatu. Kaeni kwenye kamati moja, hizo nyingine tumeni mchango.

Turudi kwenye saa yenyewe. Kwanza iwe ya kila siku. Mgonjwa aliyeandikiwa kidonge kimoja kutwa mara tatu hawezi kuviacha wiki nzima akavimeza vyote Jumapili. Atajidhuru, na ugonjwa utabaki palepale. Ibada ya Jumapili hata iwe na upako namna gani, na mkesha hata upigwe mpaka jogoo awike, haviwezi kufidia siku sita ambazo wewe na Mungu hamkusemezana. Afadhali dakika kumi na tano za kila siku kuliko usiku mzima mara moja kwa mwezi. Siwakatazi mikesha. Nawaambia ipi ndiyo chakula.

Pili, ijulikane. Danieli alikuwa mtumishi wa serikali, tena wa juu. Dario aliweka maliwali 120 katika ufalme wake na juu yao wakuu watatu, Danieli akiwa mmoja wao, ili hazina ya mfalme isipate hasara. Fikirieni mafaili yaliyopita mikononi mwa mtu huyo! Naye alipiga magoti mara tatu kila siku katika chumba chake, madirisha yakielekea Yerusalemu. Adui zake walimkagua kazini wasipate kosa, wakaamua kumtega kwa sala yake. Mtego huo uliwezekana kwa sababu moja tu: walijua saa yake, na walijua kwamba haihami. Hata amri ya mfalme ilipotoka hakuihamisha. Nami nakuuliza wewe unayesoma hapa, adui akitaka kukukuta unasali, aje saa ngapi?

Ukikosa jibu la swali hilo usikate tamaa. Umeona tu pa kuanzia.

Mimi nashauri alfajiri, na sababu yangu ni ya kawaida kabisa: saa hiyo hakuna anayekudai. Ikishafika saa mbili asubuhi siku si yako tena. Lakini alfajiri si amri. Mlinzi anayerudi nyumbani wakati wengine wanakwenda kazini, muuguzi wa zamu ya usiku, kijana wa bodaboda anayewahi abiria wa kwanza, kila mmoja ana alfajiri yake. Katika hospitali moja niliyofanyia kazi tulikusanyika dakika kumi kabla ya kukabidhiana zamu, waliokesha na waliokuja, tukasoma na kusali, ndipo ripoti ya wagonjwa ikasomwa. Waliokesha walisinzia wakiwa wamesimama. Hakuna aliyewacheka, wala hakuna aliyewaambia wasije.

Mtaani kwetu yupo mama anayeuza chapati na chai. Huamka saa tisa na nusu usiku. Anakanda unga, anakata madonge, anayapanga kwenye sinia na kuyafunika kwa kitambaa kilicholowanishwa yasikauke juu. Madonge sharti yapumzike kabla ya kusukumwa, ukiyaharakisha chapati inakuwa ngumu na mteja hatarudi. Muda ule madonge yanapumzika na mkaa unakolea ndio saa yake. Anakalia ndoo iliyogeuzwa, unga ungali kwenye vidole, tochi ya simu ameiegemeza kwenye kopo la chumvi. Biblia huwa ameifunga kwa kitenge cha zamani isiingie mafuta. Anasoma zaburi moja kwa sauti ya chini, anataja watoto wake mmoja mmoja, anawataja wateja wenye shida alizozisikia jana yake, kisha anakaa kimya mpaka jiko lishike moto sawasawa. Halafu anafunga Biblia, ananawa, anaanza kusukuma. Mama huyu ana kazi ya kutwa nzima na nusu ya usiku, na sijapata kumsikia akisema muda hakuna. Ameitafuta saa ndani ya kazi yake, akaikuta, akaifunga isichukuliwe.

Nanyi tafuteni pa namna hiyo. Najua wengi mnaishi chumba kimoja, tena wawili watatu. Mahali panaweza kuwa kona ya kitanda, ngazi za nyuma, kiti cha uani kabla wapangaji wenzako hawajaamka, au gari lililoegeshwa kazini kabla hujapanda ofisini. Kaa palepale kila siku. Mwili unazoea mahali, na ukishazoea, ukiketi tu moyo unatulia upesi.

Mama mwenye mtoto mchanga nampa neno lake peke yake, maana hao hujihukumu sana. Mwanangu, usiku umeamka mara nne, asubuhi hujui hata siku ni ipi. Mungu aliyekupa mtoto huyo anajua anavyonyonya. Zaburi ya 117 ina mistari miwili tu. Isome mtoto akiwa kifuani, mtaje kwa jina mbele za Mungu, lala. Huo ni uaminifu kamili, na kipindi hicho kitapita.

Simu ndilo jambo zito. Sitawaambia muitupe, kazi zenu zimo humo na mimi mwenyewe naongea na wajukuu kwa hiyo hiyo. Ila yenye kukuamsha alfajiri ndiyo yenye kukuibia alfajiri. Unanyoosha mkono kuzima kengele, unaona ujumbe wa bosi, unaona picha za harusi ya mtu, unaona ugomvi kwenye kundi la ukoo, na dakika zako zimekwisha ukiwa bado umejifunika shuka. Nunua saa ya mezani yenye kengele. Simu ichajiwe sebuleni, au mwisho wa chumba. Soma Biblia ya karatasi ukiweza, maana ile haikuletei ujumbe katikati ya sura. Na mwenye kutuma mstari kwenye makundi kila asubuhi, heri yake, lakini kutuma mstari si kusali. Wapo wanaowalisha watu mia mbili kila siku kabla ya saa moja, nao wenyewe hawajaonja.

Mtaniambia, "Bibi, mimi nasali kwenye mwendokasi." Vizuri, salini. Nehemia alisali mbele ya mfalme, mfalme amemuuliza swali na anasubiri jibu, na sala hiyo haikuzidi pumzi moja. Lakini rudini sura moja nyuma. Kabla ya sala ile ya pumzi moja alikuwa amefunga na kulia na kusali siku nyingi, na tangu mwezi wa Kisleu habari za Yerusalemu zilipomfikia hadi Nisani aliposimama mbele ya mfalme ni kama miezi minne. Sala ya njiani inatoka wapi kama chumbani hakuna kitu?

Katika saa hiyo ufanye nini? Usiifanye ngumu. Tulia kwanza, soma kidogo, kisha sema na Mungu juu ya ulichosoma na juu ya watu wako. Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja siku tano za kazi, wiki 52 zinatosha kulimaliza lote, na Jumamosi na Jumapili umebaki nazo kwa zaburi. Mithali ina sura 31, inatosha mwezi. Kuwa na daftari dogo la majina, mama yako, bosi wako, yule mliyegombana naye. Jina lililoandikwa halisahauliki kirahisi, na ni vigumu sana kuendelea kumchukia mtu unayemtaja kwa Mungu kila asubuhi.

Kuna siku hutasikia kitu. Utasoma maneno yapite, utasali sauti yako iwe kama inagonga dari. Siku hizo ni nyingi kuliko wahubiri wanavyokiri, na zimewaondoa vijana wengi kwenye saa yao wakidhani Mungu ameondoka au wao hawana kipawa cha maombi. Kaa. Mimi nimekaa na wagonjwa wengi usiku bila la kuwaambia, mkono wangu tu juu ya mkono wao, na walipopona walikumbuka nani alikaa. Mungu naye anastahili tukae naye hata pasipo maneno. Usipime saa yako kwa ulichohisi. Angalia kama ulikuwepo.

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya wastaafu kama mimi. Mwalimu Nyerere aliiongoza nchi hii tangu 1961 hadi 1985, na alijulikana kwa kuhudhuria Misa kila siku. Mnaweza kubishana juu ya siasa zake mpaka kuche, lakini hakuna atakayesema hakuwa na shughuli. Baada ya kung'atuka alitumia miaka yake kuzitia Injili katika tenzi za Kiswahili, zikachapwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho, na tangu 2005 kanisa lake linamwita Mtumishi wa Mungu. Mimi si Mkatoliki, ila kwa hili namheshimu sana. Ikulu ilikuwa na kazi nyingi kuliko ofisi ya yeyote kati yenu, na saa ya Mungu ilipatikana.

Sisi wa Moravian tuna habari yetu, na inafaa muijue ninyi ambao hamkuisikia nyumbani. Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia walianza kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani, mti wa kwanza ukikatwa na seremala Christian David. Miaka ya mwanzo waligombana sana wao kwa wao. Walipopatana, Agosti 1727, wanaume 24 na wanawake 24 walikubaliana kugawana saa za kutwa, kila saa na mtu wake, ili sala isikatike. Iliendelea zaidi ya miaka 100. Hawakuwa watawa wasio na kazi. Walikuwa watu wa kawaida, mafundi na wenye familia, na kila mmoja alibeba saa moja tu. Kutoka kwenye sala ile walitoka wamisionari kwenda duniani, na mwaka 1891 wa kwao walifika Rungwe, ambako bibi yangu alibatizwa.

Jambo ninalolichukua kwao ni kwamba hawakuacha kila mtu ahangaike na saa yake peke yake. Walijuana. Wa saa nane usiku alijua kwamba wa saa tisa anamfuata. Ninyi mna urafiki wa kila namna siku hizi, na makundi ya kuweka akiba yenye kanuni na faini, lakini kijana wa kumuuliza mwenzake, "Leo umesali?", simwoni. Mtafute mmoja. Si lazima awe mpakwa mafuta. Awe mkweli tu, na umpe ruhusa ya kukuuliza.

Na mlio na watoto, jioni kusanyeni nyumba yenu, hata dakika tano kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili. Watasinzia, watacheka, mdogo atauliza maswali yasiyohusu. Msiwafokee. Mtoto anayekua akimwona baba yake amepiga magoti hawezi kufundishwa baadaye na mtu yeyote kwamba sala ni ya wanawake na wazee.

Basi wanangu, nawaomba jambo moja tu, na nawaomba mlifanye usiku huu, si Januari wala baada ya mavuno. Kabla hujalala, amua saa na mahali. Mtumie mtu mmoja ujumbe umwambie saa hiyo ni ipi, kisha simu uiweke mbali na kitanda. Kesho fungua Injili ya Marko, sura ya 1. Zipo sura 16. Ukizimaliza, njoo nyumbani uniambie umeona nini.